Ukuta Uliokataa Plasta

Siku ya kwanza ya kazi tulikata kufuli la ghala kwa grainda, na mwenye ufunguo wake alikuwa amesimama hatua kumi tu kutoka tulipokuwa. Alitia mkono kwenye mfuko wa koti, akautoa mtupu, akautia tena. Hakuna aliyemuuliza kitu. Kufuli lilipoanguka aligeuka akarudi kwake, kibanda cha udongo nyuma ya ghala. Nilijua ana ufunguo. Kila mzaliwa wa kijiji kile alijua. Lakini kumuuliza ni kumsemesha, na kumsemesha kulikuwa na adhabu.

Ghala hilo lipo senta ya kijiji chetu, kando ya barabara itokayo Bariadi kwenda Lagangabilili. Lilijengwa na chama cha ushirika enzi ambazo mtu aliweza kuiita pamba dhahabu nyeupe bila wenzake kucheka: msingi wa mawe, kuta nene za tofali za kuchoma, kenchi za chuma, na mlango wa kusukuma uliohitaji wanaume wawili walioshiba. Miaka mingi lilikuwa la popo. Kisha ofisi mpya za serikali zikajengwa Lagangabilili, vijana wenye kompyuta za mkononi wakaanza kupita barabarani bila pa kukaa, na tajiri mmoja wa Mwanza akalikodi ghala aligeuze kuwa ofisi ya pamoja. Mtu anakuja, anakodi kiti na meza kwa siku au kwa mwezi, anapewa intaneti na chai, anafanya kazi yake ubavuni mwa mtu asiyemjua. Nilipomweleza mama yangu, aliuliza kama hao watu hawana kwao.

Mimi ni fundi ujenzi. Naishi Bariadi mjini, lakini mama yupo kijijini bado, na nilipopewa kazi hiyo nilifurahi kwamba nitakuwa nakula kwake mchana. Nilikuja na saidia fundi wanne kutoka Sola, vijana wa kazi, wageni kabisa pale. Juu yangu alikuwapo msanifu, binti wa mjini mwenye buti safi, ambaye asubuhi aliniita fundi kwa heshima na jioni akaniita fundi hivi hivi. Alilipenda jengo lile kwa moyo wote. Alipapasa kuta zake na kusema hatubomoi historia, tunaihifadhi. Sikubishana naye. Historia ilikuwa inanilisha.

Historia yenyewe ni hii. Nilipokuwa darasa la nne, mwishoni mwa msimu wa kununua pamba, ghala likiwa limejaa likisubiri malori ya kiwandani, lilishika moto. Ilikuwa saa tisa alasiri. Kengele ya shule ikapigwa, tukabeba maji kwa ndoo za bustani, lakini pamba haizimwi kwa ndoo. Inakunywa maji juu na kuendelea kuungua chini. Iliungua siku tatu. Zikabaki kuta na vyuma. Pamba ile ilikuwa jasho la kijiji kizima, ushirika ulikuwa haujailipa bado, na hakuna aliyepata kitu. Mwaka ule tulikula mlo mmoja. Dada yangu aliozwa kabla ya wakati ili ng'ombe wa mahari watuvushe, na mmoja wa ng'ombe hao aliuzwa nikapata kubaki shuleni. Dada hajanisamehe mpaka leo, na sioni kwa nini anisamehe.

Mtunza ghala, yule mwenye ufunguo, alikuwa mvutaji wa sigara. Hilo lilitosha. Alifungwa miaka miwili kwa uzembe, na alipotoka, jeshi la jadi la kijiji likaitisha mkutano. Akaambiwa akiri mbele ya watu, atoe dume la ng'ombe, lichinjwe, liliwe, mambo yaishe. Ndivyo desturi ilivyo kwetu: ukikiri na kulisha watu, unarudi kuwa mtu. Yeye akakataa. Alisema moto ulianza katikati ya lundo, na sigara haiwashi lundo katikati. Alisema pamba ililetwa ikiwa mbichi, imelowa, ikachemka yenyewe. Watu wakampigia kelele asiendelee. Alipoulizwa mara ya mwisho alisema hawezi kula ng'ombe wa uongo. Basi akatengwa.

Aliyetengwa hasalimiwi. Haazimwi moto wala jembe, hasagiwi mahindi mashineni, na kisimani zamu yake haifiki. Akifa, hakuna atakayemchimbia kaburi. Na yeyote anayemsemesha au kumsaidia anatozwa, akigoma anaungana naye huko huko. Mke wake alivumilia mwaka mmoja, kisha akachukua watoto akaenda kwao upande wa Shinyanga. Yeye akabaki. Alilima viazi vyake, akatembea kwa miguu hadi Bariadi kusaga na kununua mafuta ya taa, akaishi hivyo miaka zaidi ya thelathini. Sisi tulikua tukimpita njiani huku tukitazama majani.

Eneo la ujenzi tulilizungushia uzio wa mabati, nami nikajiambia kwamba sheria ya kijiji inaishia kwenye mabati. Ulikuwa uongo wa kitoto lakini ulinisaidia. Siku ya tatu aliingia, nikamsalimia, "Mwangaluka, baba." Alisimama muda mrefu akinitazama mdomo, kuhakikisha kwamba sauti imetoka humo.

"Mwangaluka, ng'wanone," akajibu. Mwanangu, aliniita. Sauti yake ilikuwa imekauka kwa kukosa kazi.

Nilijisikia mtu mwema sana siku ile. Sasa nikikumbuka nilivyojisikia naona aibu, maana salamu ile ilinigharimu nini?

Kuanzia hapo alikuja kila siku. Alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, karibu na tanki la maji, koti mwilini hata jua likiwa kali. Alinionyesha mizani ilipokaa, upande wa mlangoni, na jinsi pamba ilivyolundikwa kwenye kuta tatu zilizobaki. Msanifu alimpenda. Alimrekodi kwenye simu yake akieleza habari za mizani na malori, akasema mzee huyu ni hazina. Hakuna aliyemweleza msanifu kwamba hazina ile ilikuwa haijasalimiwa tangu yeye hajazaliwa.

Siku moja, vijana wakiwa wameenda kula, mzee aliniuliza, "Unajua ninachosubiri hapa, fundi?"

"Sijui, baba."

"Sitaki fidia, wala sitaki kusafishiwa jina serikalini. Nataka kuzikwa na watu. Tazama miguu." Aliinua suruali. Miguu ilikuwa imevimba, ngozi inang'aa. "Na pumzi inakatika nikipanda hapo barabarani. Sina muda. Akisimama mtu mmoja aliyeleta pamba mwaka ule, akasema mkutanoni kwamba ilikuwa imelowa, imekwisha. Mmoja tu."

"Wengi wamekwisha kufa, baba."

"Wengi wapo," alisema. "Nawaona wakipita."

Nikanyanyuka nikajifanya nakagua mchanga.

Tulianza plasta ukuta wa kusini. Ilikauka vizuri, nyororo, nikapita nayo mkono na kuridhika. Baada ya wiki mbili ikaota ungaunga mweupe. Baada ya tatu ikavimba, ikabanduka, ikaanguka kwa vipande vikubwa sakafuni. Tukabandua yote, tukasugua ukuta kwa brashi ya waya, tukapiga upya kwa mchanganyiko mzito zaidi. Ikaanguka tena. Nimepiga plasta makanisa mawili, zahanati, na nyumba za watu ambao hawawezi kunyamaza wakiona ufa mdogo, na hakuna ukuta uliopata kunitapika namna ile.

Msanifu akaja akasimama mbele ya vipande vile akiwa amekunja mikono. "Fundi, umechanganya moja kwa ngapi?"

"Moja kwa nne."

"Una hakika? Hakuna mifuko ya saruji iliyopotea njia?"

Aliuliza kwa upole, na upole ule ndio uliokuwa mbaya. Vijana wangu wanne walikuwa wamesimama nyuma yangu na wote walisikia. Nilikasirika mpaka masikio yakawa ya moto. Nikamwambia sijawahi kuiba hata msumari. Akasema hajasema nimeiba, lakini ikianguka mara ya tatu ataleta fundi mwingine kutoka Mwanza. Nilipogeuka nikamwona mzee juu ya ndoo yake, ananitazama. Alikuwa anaijua hali ile kuliko mimi.

Mchana huo nilibaki peke yangu ndani. Nilichukua patasi nikakwangua mpaka kwenye tofali, nikachota ule unga mweupe kwa kidole, nikautia ulimini. Nilitarajia magadi. Ardhi yetu ina magadi, kiangazi mbuga zinameta, na fundi yeyote wa huku anajua kuta zinazoliwa na magadi. Lakini magadi huwasha ulimi na kuacha ladha ya sabuni. Hii ilikuwa chumvi, chumvi ya kawaida ya kutia kwenye mboga.

Nikarudi nyuma nikautazama ukuta kwa macho mengine. Unyevu wa ardhini huwa mkali chini, hufifia juu, na haupandi sawasawa. Huu ulipanda sawasawa mpaka juu kidogo ya kimo changu, ukakomea kwenye mstari ulionyooka kama nimeupiga kwa kamba. Kuta tatu zilikuwa hivyo. Ukuta wa nne, wa mlangoni, ambako mizani ilikaa na pamba haikulundikwa, ulikuwa mzima kabisa.

Nilikaa chini kwenye vumbi.

Msimu wa pamba, nilipokuwa mdogo, duka la senta liliishiwa chumvi kabla ya kuishiwa sukari. Kina mama walinunua chumvi ya ng'ombe, walisema. Sisi tulikuwa na ng'ombe wawili na tulinunua chumvi ya ng'ombe arobaini. Mimi ndiye niliyetumwa. Asubuhi kabla ya kupeleka pamba kwenye mizani, mama aliikoroga kwenye ndoo, akatandaza pamba kwenye turubai, nami nikachovya fungu la nyasi na kunyunyiza. Tabaka la pamba, mkono wa maji, tabaka la pamba. Maji matupu hukauka njiani, alinifundisha, lakini chumvi huyashika. Nilikuwa na mkono mwepesi. Mama alinisifia kwa majirani, na majirani wakacheka kwa kuwa nao walikuwa na watoto wao wenye mikono yao. Hakuna aliyeuita wizi. Kila mtu alisema mizani ya ushirika inatupunja, na sisi tulikuwa tunajirudishia kilo zetu.

Hata baada ya moto sikuwahi kuunganisha mambo hayo mawili. Au labda niliyaunganisha nikayafungua upesi. Mtu anajua kunyamaza hata ndani ya kichwa chake. Lakini nyasi mbichi ukizirundika zinachemka, hilo kila mchunga ng'ombe anajua, na pamba yenye mbegu zake ndani, imelowa, imeshindiliwa ghalani wiki nyingi bila hewa, haihitaji sigara ya mtu. Mzee alisema kweli. Alikuwa amesema kweli mbele ya watu mia kadhaa, na mimi mtoto nilikuwa nimekaa mbele kabisa, mikono hii ikiwa mapajani.

Jumapili nilikwenda kwa mama. Alikuwa amekaa kwenye mkeka akibangua karanga, miguu ameinyoosha.

"Mwadila, mayu," nikamsalimia.

"Mwadila. Umekula?"

Nilikaa pembeni yake. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima. "Mayu, ukuta wa ghala unatoa chumvi."

"Ukuta wa zamani ule."

"Ni chumvi yetu."

Hakuacha kubangua. Nikamwambia kwamba mzee wa nyuma ya ghala anaumwa, hana siku nyingi, na kwamba nataka kusimama mkutanoni niseme tulichokuwa tukifanya. Nikamwambia nimekuja kumwomba ruhusa kwanza kwa kuwa ni jina lake litakalotajwa.

"Unafikiri utawaletea watu habari mpya?" aliuliza.

Sikumwelewa.

"Tulijua, ng'wanone. Siku ile ile, moshi ukiwa bado unatoka. Tulisimama pale barabarani, wanawake wote, na hakuna aliyemwangalia mwenzake. Tulijua wote."

Nilimuuliza kwa nini basi alifungwa, kwa nini alitengwa. Sauti yangu ilipanda, jambo ambalo si adabu mbele ya mzazi, naye akasubiri ishuke.

"Ulitaka tumwambie nani? Polisi, wakifunge kijiji?" Aliweka karanga chini kwa mara ya kwanza. "Na alipotoka tulimfungulia mlango. Lile dume lenyewe tungelichanga sisi, kila nyumba ilikuwa tayari kutoa. Yeye kazi yake ilikuwa kusema ndiyo tu. Ndiyo moja, tungekula, tungenawa mikono, na angekaa nasi. Akakataa. Akasimama pale anasema imelowa, imelowa. Alikuwa anatuvua nguo mbele ya watoto wetu."

Wengi wape, wanasema. Hawasemi mmoja abaki na nini.

Mama alirudi kwenye karanga zake. Baadaye, bila kuniangalia, akasema, "Mimi nimezeeka. Ukisimama wewe ukasema, watakutenga pamoja na mimi mzazi wako. Mimi atanizika nani?"

Nilivuta ungo nikamsaidia kubangua. Tulibangua mpaka zikaisha, na hatukuzungumza habari hiyo tena siku ile wala siku yoyote.

Jumatatu mzee aliwahi kuliko sisi. Alikuwa ameacha kukaa kwenye ndoo, amesimama mlangoni ameshika nguzo, anahema.

"Siku ile ulionja," alisema. "Nilikuona dirishani. Ukuta unasema nini, fundi?"

Nina miaka ya kutosha ya kusema uongo mdogo wa kazi: kesho namaliza, mchanga umechelewa, bati zipo njiani. Nilifungua mdomo na uongo ukatoka kwa sauti ile ile.

"Magadi, baba. Ni magadi ya ardhini tu."

Alinitazama kama alivyonitazama siku ya salamu ya kwanza, mdomoni. "Magadi," alisema polepole. Kisha akasema, "Asante kwa salamu zako," akaondoka akiwa ameshika ukuta. Hakuingia tena ndani ya uzio. Ndoo yake ilibaki pale imegeuzwa, na vijana walikuwa wakiizunguka bila kuigusa, sijui kwa nini.

Msanifu naye nilimwambia ni magadi. Nilimweleza vizuri, kitaalamu, nikamshauri tuache kupambana na ukuta: tusimamishe fremu, tufunge bodi za jipsamu mbele yake, tuache nafasi ya hewa nyuma, ukuta uendelee kutoa unachotoa bila mtu kuona. Alifurahi. Akaniomba radhi kwa yale maneno ya mifuko ya saruji, akasema alikuwa na presha ya kazi. Nilipokea radhi yake. Mtu mmoja kijijini alikuwa amesubiri radhi kwa miaka thelathini, na mimi nilipata yangu kwa wiki mbili, tena kwa kusema uongo.

Kazi ikaenda mbio baada ya hapo. Tulifunga bodi, tukapaka rangi ya maziwa, tukashusha taa kwenye waya ndefu, tukaweka meza za mbao na vyumba viwili vya kioo vya mikutano. Sehemu moja tu ya ukuta wa kusini, upana wa mlango, msanifu aliamuru iachwe wazi na kufunikwa kioo, na taa imulike kutoka juu, ili wageni waone tofali za zamani. Unga mweupe ulikuwa umeota juu yake vizuri. Alisema unafanana na pamba, umependeza mno, tusiufute. Pembeni akabandika kibao chenye maneno kuhusu wakulima na dhahabu nyeupe.

Siku tatu kabla ya kufungua, kijana wangu mmoja aliniambia hajaona moshi kwa mzee tangu juzi. Nilikwenda. Mlango ulikuwa wazi. Alikuwa amelala kitandani na koti lake, uso ameuelekeza kwenye ukuta wa upande wa ghala. Nilitazama mfukoni nikaukuta ufunguo, mkubwa, umelainika kwa kushikwa.

Nilimtuma kijana kwa katekista, kwa kuwa mzee alikuwa Mkatoliki kabla hajawa kitu kingine. Katekista alikuwa amepatwa na homa ya ghafla. Nikampigia mwenyekiti wa jeshi la jadi, akapokea, nikamweleza, akasema, "Nimesikia," akakata. Simu za watoto wake hakuna aliyekuwa nazo. Hatukuwa na mtu wa kumsubiri na jua lilikuwa kali.

Jeneza tulilitengeneza kwa mbao za fomu, zikiwa bado na madoa ya zege. Kaburi tulichimba kwenye kiwanja chake, nyuma ya viazi. Udongo mweusi wa kiangazi haukubali jembe, tuliuvunja kwa mtaimbo na nyundo kubwa ya kubomolea. Tulianza asubuhi tukamaliza alasiri. Watu walipita barabarani na baiskeli, wakitoka mnadani, wakitoka kisimani. Kila mmoja alikuwa na kitu cha kutazama upande wa pili. Mama yangu sikumwona. Nilisali Baba Yetu, nikachanganya katikati, kijana mmoja wa Sola akanimalizia. Ufunguo niliuweka kwenye koti lake kama ulivyokuwa.

Alitaka kuzikwa na watu. Tulikuwa watano, wanne wageni wasiomjua hata jina, na wa tano ni mimi.

Siku ya tatu niliitwa mkutanoni. Mwenyekiti tulisoma pamoja. Tulikuwa tukishindana, yeye na mimi, nani analowesha turubai upesi zaidi. Alikuwa ameota mvi na amejifunza kuongea polepole. Aliniuliza kama ninakiri kwamba nimemzika mtu aliyetengwa na kijiji. Nikakiri. Akasema desturi naijua, nitoe dume, au nitengwe mimi na nyumba yangu yote, pamoja na mzazi wangu. Kisha akauliza, "Una neno?"

Nilikuwa nalo. Nilikuwa nimelibeba kwenye mfuko wa shati, kwenye kipande cha nailoni, unga niliokwangua ukutani siku ile ya kuonja. Nilikuwa nimepanga kuwapitishia waonje, mmoja mmoja, nione nani atasema magadi. Mkono ulifika mfukoni. Nikawatazama. Nyuso zilikuwa zimetulia, hakuna aliyekuwa na hofu, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba wananijua vizuri kuliko ninavyojijua. Mama alikuwa amekaa upande wa wanawake, miguu ameinyoosha, anaangalia viganja vyake.

"Sina," nikasema.

Dume lilinunuliwa mnadani kesho yake. Lile alilolikataa yeye miaka thelathini, mimi nililitoa siku ya nne. Lilichinjwa uwanjani, mbele ya ghala, kwa kuwa ndipo penye nafasi. Ofisi ilikuwa imefunguliwa, na vijana wa kompyuta walitoka na vikombe vyao vya chai wakasimama kwenye mlango mpya wa kioo kututazama. Mmoja alipiga picha. Msanifu alinipungia mkono kwa furaha; alifikiri ni sherehe ya kijiji kupokea jengo.

Walinipa nafasi mbele, kati ya wazee, nikaletewa ini kwanza kama anavyostahili aliyetoa. Watu walinisalimia kwa mikono miwili. Mtu aliyepita na baiskeli siku ya kaburi bila kugeuza shingo alinisogezea kigoda. Nilikula. Ningependa kuandika kwamba nyama ilinikwama, lakini nilikuwa na njaa na ilikuwa laini. Wanawake walizunguka na sufuria, na mama yangu akiwa miongoni mwao, ameshika mwiko. Alipofika kwenye mstari wetu aliinama akauliza kama chumvi imetosha.

Tukamwambia imetosha.